Bahari ya Wenye Bangili

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta katika ramani zote za maktaba ya chuo sikuiona, na mkutubi, ambaye ni mtu makini mwenye familia, alinishauri niache kuitafuta. Kwa hiyo msomaji akikutana humu na waziri anayefanana na waziri anayemjua, au ukuta unaofanana na ule anaoupita kila asubuhi akienda kazini, ajue ni macho yake tu.

Nchi hiyo ina bahari nzuri sana. Nilikuwa nikiambiwa hivyo na watu walioiona.

Mimi nilizaliwa hatua mia tatu kutoka baharini, upande wa pili wa ukuta. Ukuta ni wa Hoteli ya Kila Kitu Kimo, ambayo mwaka huo ilikuwa inatimiza miaka arobaini ya kuwapumzisha watalii. Jina lake linaeleza utaratibu wake. Mtalii hulipa mara moja, hukohuko kwao, kisha akifika huvishwa bangili ya plastiki mkononi, na tangu hapo kila kitu kimo: chakula, vinywaji, kitanda, mwavuli, mchanga, bahari, machweo. Asiye na bangili, hamna chake.

Ukuta una urefu wa kilomita kumi na moja na kimo cha mita nne. Serikali yetu sikivu iliona kwamba wananchi wangeweza kuikumbuka bahari na kupata huzuni, kwa hiyo iliajiri mchoraji akaichora upande wetu. Ni bahari kubwa kuliko ile ya kweli na haina mawimbi. Kila mwaka, Siku ya Bahari, wanafunzi hupelekwa kusimama mbele yake na kuimba. Mimi nilisimama pale nikiwa darasa la nne. Mwalimu alituonya tusiiguse kwa kuwa rangi ilikuwa haijakauka. Niliipenda sana nchi yangu siku ile.

Nilisoma kwa bidii, nikapata shahada ya Utawala wa Umma. Tasnifu yangu iliitwa "Mchango wa Ukuta katika Kuwaleta Watu Pamoja", na niliiandika kwa moyo mweupe kabisa. Wizara ya Mapumziko ikaniajiri kama Afisa wa Shukrani, Daraja la Tatu. Kazi yangu ilikuwa kubuni njia mpya za Serikali kuwashukuru wananchi bila kuwapa kitu chenye uzito.

*

Ofisi yangu ilikuwa chumba kidogo penye mlango wa nyuma wa hoteli, jirani na jiko. Siku ya kwanza mwanamke mmoja mnene, mwenye unga hadi kwenye nyusi, alichungulia dirishani. Kifuani alikuwa na beji iliyoandikwa FURAHA 3.

"Shikamoo, Bi Furaha," nikasema.

"Marahaba. Lakini Furaha ni huyu wa plastiki," akagonga beji kwa kucha. "Mimi naitwa Mashavu. Watalii majina yetu yanawauma ulimi, basi jiko zima tumepewa moja. Tuko Furaha kumi na wanne. Wewe ndiye afisa mpya? Umesomea nini?"

"Utawala wa Umma, bibi."

"Haya, kula andazi kwanza. Utatutawala baadaye."

Bi Mashavu alikuwa amepika maandazi ya hoteli ile kwa miaka thelathini na minane. Jiko lake lilikuwa hatua arobaini kutoka kwenye maji, lakini wafanyakazi hawaruhusiwi kukanyaga mchanga. Zamani kulikuwa na dirisha linalotazama baharini. Lilizibwa kwa matofali mwaka wa pili, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba wapishi walikuwa wakitazama nje na maandazi yakiungua.

Alikuwa na jambo moja lililomfanya ajulikane mpaka wizarani. Kiwanja chake kilikuwa kimegusana na hoteli. Ukuta ulikuja umenyooka kilomita tisa nzima, ulipofika kwake ukapiga kona, ukamzunguka, ukaendelea. Katika ramani iliyotundikwa ofisini kwa Meneja, kiwanja cha Bi Mashavu kilionekana kama pengo la jino katika tabasamu zuri. Palikuwa na nyumba ya vyumba viwili, mstafeli mmoja, na chini ya mstafeli, kaburi la mama yake. Hoteli ilikuwa imemwomba auze kwa miaka yote hiyo. Yeye jibu lake halikubadilika: "Nikiuza, mama nimpeleke wapi?"

Ulipokuja waraka kwamba katika sherehe za miaka arobaini mfanyakazi mmoja apewe zawadi, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni yeye. Nikaenda jikoni na daftari.

"Bibi, ukiambiwa uchague kitu kimoja, chochote, utachagua nini?"

Alikuwa anasukuma donge. Hakuacha kusukuma.

"Kuoga baharini."

"Hicho tu?"

"Wewe unasema hicho tu kwa sababu hujawahi kuoga. Mimi nilikuwa naoga kila siku mpaka nilipofika miaka ishirini na tano. Halafu, hoteli ikiwa na miaka miwili, wakaja na kamba, wakapima njia ya ukuta. Sasa naisikia tu. Naisikia kutwa nzima, mwanangu, kama mtu anaongea chumba cha pili na mimi sijaitwa."

Nilirudi ofisini nikafuta macho, nikaandika pendekezo la kurasa sita.

*

Waziri wa Mapumziko, Mheshimiwa Daktari Kizibo, alikuwa na udaktari wa heshima aliotunukiwa katika hafla ya kumpongeza kwa udaktari mwingine wa heshima. Alinipokea yeye mwenyewe, pamoja na Meneja wa hoteli, mtu mpole asiyepandisha sauti, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha Waziri kwa kuwa kile kingine kilikuwa kinamuumiza mgongo.

"Bi Mashavu yupi huyu?" Waziri akauliza. "Yule wa kona?"

"Ndiye, Mheshimiwa."

Waziri akamtazama Meneja. Meneja akaitazama ramani. Nami nikaona jinsi walivyoguswa.

"Kijana," Waziri akasema, "umetumwa na Mungu."

Niliwaeleza tatizo lenyewe: Sheria ya Utulivu wa Watalii, kifungu cha kwanza, inamkataza raia yeyote kukanyaga mchanga. Kifungu cha pili kinafafanua mchanga ni nini.

"Katika nchi hii hakuna jambo lisilowezekana," Waziri akasema, "kuna jambo ambalo halijajaziwa fomu tu. Sheria inamkataza nani? Raia. Basi tumvue uraia."

"Uraia, Mheshimiwa?"

"Kwa siku tatu! Anauacha mlangoni, anaingia, anapumzika, akitoka anauvaa. Kama viatu msikitini. Wewe umewahi kuibiwa viatu msikitini?"

Niliwahi, mara mbili, lakini sikutaka kuuharibu mfano mzuri.

Hivyo ndivyo nilivyopewa heshima ya kutunga Fomu Namba Saba, Ombi la Kupumzika Kuwa Raia. Niliitunga kwa Kiswahili safi ili kila mtu aielewe. Mwanasheria wa hoteli aliongeza sentensi moja tu, ya mwisho, kwa herufi ndogo: "Mali yote isiyohamishika ya mwombaji itatunzwa na Serikali kwa matumizi yanayofaa."

Nilimsomea Bi Mashavu fomu nzima, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya unga.

"Hiyo ya mwisho ndiyo nini?" akauliza.

"Watakutunzia nyumba, bibi, wakati uko likizo."

"Na mstafeli wangu watamwagilia? Jua hili siku tatu haliuachi."

Nikaandika pembeni kwa kalamu: *Mstafeli umwagiliwe.* Nikaweka saini yangu chini yake ili maneno yapate nguvu.

"Na mama?"

"Mama yumo ndani ya kiwanja, bibi. Naye atatunzwa."

Aliipangusa mikono kwenye aproni, akaishika kalamu. "Mimi haya maandishi madogo siyaoni, mwanangu. Umesoma wewe. Ukisema ni sawa, nasaini."

Nikasema ni sawa.

*

Uraia ulivuliwa Alhamisi asubuhi, katika ofisi ya Uhamiaji, mbele ya Bwana Kidevu, afisa mrefu aliyekuwa akiongea huku akitafuta mhuri wake.

"Je, umewahi kuipenda nchi hii?" akasoma kutoka kwenye fomu. Swali hilo nililitunga mimi. Nilidhani lingempa mwombaji nafasi ya kusema neno zuri. "Kama ndiyo, eleza sababu."

Bi Mashavu akafikiri sana.

"Andika nimezaliwa humu."

"Hiyo si sababu, mama."

"Basi sina nyingine."

Baadaye ulipigwa wimbo wa taifa, na kwa mujibu wa utaratibu mwombaji alitakiwa kubaki ameketi mpaka uishe. Wote tulisimama. Ubeti wa kwanza ulipoanza Bi Mashavu akainuka, kama alivyozoea tangu shule. Bwana Kidevu akamkandamiza begani taratibu.

"Kaa, mama. Huu si wako sasa."

Akakaa. Midomo yake iliendelea kuimba bila sauti.

Ilibaki nafasi ya taifa jipya. Nikasema hana. Bwana Kidevu akasema kompyuta haikubali nafasi tupu. Nikapendekeza, ili tusichelewe, tuandike "Nje". Kompyuta ikakubali mara moja. Akavishwa bangili ya bluu, ikabanwa kwa koleo, *ka!*, na kuanzia hapo Bi Mashavu, mzaliwa wa hatua mia tatu kutoka baharini, akawa mtalii kutoka Nje.

*

Nilipewa kibali cha siku tatu cha kumhudumia na kuandika ripoti. Kwa hiyo na mimi niliiona bahari. Sitaieleza. Mchoraji wetu alijitahidi, ila hakuambiwa kwamba inatembea.

Matatizo yalianza kwenye kifungua kinywa. Bi Mashavu alikula, akainuka na sahani yake kuelekea jikoni. Furaha 5, msichana aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, akamkimbilia.

"Bi Mashavu, rudi ukae! Meneja anatazama."

"Sahani imeshakwisha kazi, niiache hapa inanitolea macho?"

"Ndivyo wanavyofanya wao. Wewe iache, halafu tazama mbali."

"Na haya maandazi kayapika nani?"

"Mimi."

"Hiliki umeimwaga kama unafukuza mbu! Watu wanakula hawa au wanafukizwa?"

"Aa, bibi, likizo imekupanda kichwani. Toka asubuhi mtalii, saa nne umeshaanza malalamiko!"

Walicheka wote wawili mpaka wakashikana. Watalii wa meza ya jirani walimwuliza mlinzi kama lile lilikuwa onyesho la utamaduni. Mlinzi akasema ndiyo. Wakapiga makofi.

Ufukweni mlinzi mwingine alipuliza filimbi. Bi Mashavu alikuwa amejifunga kanga, na kanuni zinataka vazi la watalii. Nikamwonyesha kadi yake ya Uhamiaji: huyu ni mtalii aliyethibitishwa na Serikali, kwa hiyo alichovaa ni vazi la mtalii. Mlinzi aliisoma kadi mara mbili, akapiga saluti. Niliona fahari. Niliona kwamba sheria, ikishikwa na mtu mwenye nia njema, inaweza kumfungulia mtu mlango.

Aliingia majini polepole, kama anayeingia chumba alimolala mgonjwa. Magoti. Kiuno. Akachota maji kwa kiganja, akayaonja.

"Chumvi ni ileile," akasema.

Kisha akacheka. Sijui niseme alicheka vipi. Kilikuwa kicheko cha msichana wa miaka ishirini na tano kilichowekwa mahali kikasubiri. Mpiga picha wa hoteli, aliyekuwa ametafuta kicheko kama hicho kwa miaka mingi bila kukipata kwa watalii wenyewe, alikuja mbio mpaka akapoteza kiatu kimoja.

"Pale palikuwa na jiwe," akanionyesha. Sasa kulikuwa na jukwaa la saruji lenye meza za vinywaji. "Tulikuwa tunaliita Bibi Harusi. Asubuhi povu lilikuwa linalivika shela."

Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, alikuwa ndani ya maji mpaka shingoni nami nimekaa kwenye mchanga naandika. Upande wa kushoto, nyuma ya ukuta, ikasikika ngurumo ya mashine, kisha mlio mmoja mkavu, kama mfupa mkubwa unavunjwa.

Bi Mashavu akageuka. Akautazama ukuta.

"Nini hicho, mwanangu?"

Nilimjibu kama Meneja alivyoniambia asubuhi ile. "Maandalizi ya sherehe, bibi."

"Ya sherehe," akasema.

Alibaki anautazama ukuta kitambo. Halafu akaupa mgongo, akaogelea kwenda mbele, mbali kuliko siku ya kwanza. Hakutoka mpaka saa kumi na moja jioni, vidole vyote vimekunjamana. Siku ya tatu ikawa hivyohivyo, tangu jua linachomoza, bila kula. Katika ripoti yangu niliandika: "Kwa furaha nyingi, mnufaika alikataa kutoka majini."

*

Jumapili tulikwenda kuuchukua uraia. Bwana Kidevu alikuwa ameshaupata mhuri wake.

"Anayeomba uraia," akasema, "awe ameishi nchini miaka kumi mfululizo akiwa si raia."

"Ameishi hapa miaka sitini na mitatu!" nikasema.

"Akiwa raia. Hiyo haina maana kwetu. Akiwa si raia ameishi siku tatu. Bado miaka tisa na siku mia tatu sitini na mbili. Na viza yake inakwisha leo adhuhuri, kwa hiyo hawezi kuisubiria hapa."

"Lakini ana nyumba, bwana! Ana kiwanja chake pale konani!"

Bwana Kidevu alinitazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. "Asiye raia hamiliki ardhi, kijana. Kiwanja kilirudi Serikalini pale alipokaa wimbo ukiimbwa. Si umeandika wewe? *Itatunzwa kwa matumizi yanayofaa.*"

Nilikuwa nimevisoma vifungu vyote vya sheria za nchi ile, nikafaulu. Nilikuwa sijawahi kuvisoma viwili kwa pamoja.

Alituruhusu tupite konani njiani kuelekea uwanja wa ndege. Kona haikuwepo. Ukuta ulikuwa umenyooka, safi kabisa, na bahari ilikuwa imeshachorwa. Bi Mashavu alishuka garini, akauendea, akaweka kiganja chake juu ya maji yale. Rangi ilikuwa haijakauka. Alirudi garini na mkono wa bluu, akaushikilia mbali na kanga isichafuke.

Hakulia, na hakuniuliza kitu. Ningependa angenipiga.

*

Sherehe za miaka arobaini zilifana. Vipaza sauti viliwekwa juu ya ukuta, vikielekezwa kwetu.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Daktari Kizibo alisema, "ambao hamkualikwa lakini mnasikiliza! Zipo nchi zinazowafukuza watu wake. Sisi hatumfukuzi mtu. Sisi tunampumzisha! Leo ninafungua Bwawa la Tatu la kuogelea, lililojengwa mahali ambapo kwa miaka arobaini palikuwa pamekaa bure, pana mti. Watalii wetu wamelalamika kwamba bahari ina chumvi. Serikali imesikia!"

Upande wetu wa ukuta tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa kuchelewa kidogo.

Nilikuwa nimeandika barua saba. Nilijibiwa moja, iliyosifu upana wa pambizo zangu. Barua iliyofuata ilinipandisha cheo kuwa Afisa wa Shukrani, Daraja la Pili, kwa ubunifu, na kunijulisha kwamba Fomu Namba Saba sasa itatolewa kwa wazee wote wenye nyumba karibu na fukwe za taifa. Nilipewa dirisha langu mwenyewe, lenye kioo.

Asubuhi ya kwanza foleni ilifika barabarani. Wazee walikuja na mataulo. Mmoja alikuwa amevaa miwani ya jua ya mjukuu wake. Nikasimama, nikawasomea kwa sauti kubwa ile sentensi ya herufi ndogo, kisha nikawaeleza maana yake, neno kwa neno, na nikawaambia yaliyompata Bi Mashavu.

Halafu mwanamke aliyekuwa wa kwanza, mkavu, mwenye fimbo, akaniinamia dirishani.

"Mwanangu, wewe hiyo bahari umeiona?"

"Nimeiona, mama. Siku tatu."

"Sisi hatujaiona. Kwa nini unatusomea sana? Ulisomewa wewe?"

Foleni ikacheka. "Muulize vizuri!" mtu akapaza sauti huko nyuma. "Wakishaoga wao, wanatuziba njia!"

"Mama, watakuvunjia nyumba."

"Nyumba naifahamu, nimo humo tangu nimeolewa. Toa fomu."

Nikafunga dirisha. Wakahamia dirisha la pili, ambako mwenzangu hakuwa na maelezo marefu.

*

Mchana ule nilikwenda uwanja wa ndege. Hakuna ndege inayokwenda Nje, lakini kompyuta inasema itakuja, kwa hiyo Bi Mashavu alikuwa akisubiri katika ukumbi wa wanaowasili na wanaoondoka, kiti cha nne kutoka mlangoni. Juu ya kiti chake walikuwa wametundika bango kubwa la hoteli. Ni picha yake mwenyewe, ndani ya maji, akicheka kile kicheko. Chini yake wameandika: KARIBU NYUMBANI. Watalii wapya walikuwa wakisimama, wanaitazama picha, wanamtazama yeye, halafu wanamwomba asogee kidogo ili asiingie kwenye picha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nilimpa maandazi niliyoyapika mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile. Akalimega moja, akalitazama ndani.

"Hili hukulipa muda wa kuumuka," akasema. "Una haraka wewe. Unaona kitu kimevimba kidogo, unadhani tayari." Lakini alilila lote. Bangili ya bluu ilikuwa bado mkononi mwake. Mkasi wa kuikata uko hotelini, na hotelini haruhusiwi kuingia.

Akajipangusa midomo. "Mstafeli wangu wanaumwagilia?"

Nilikuwa nimelitegemea swali hilo. Ndani ya gari nilikuwa nimeandaa jibu, na lilikuwa jibu la kweli, ambalo halikuwa na uongo hata neno moja. "Mahali pale pana maji kutwa, bibi," nikasema. "Serikali imetimiza."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Umeanza kuongea kama wao," akasema. "Usiongee hivyo na mimi. Mimi niliusikia."

"Uliusikia nini?"

"Mti ukivunjika. Siku ya pili. Nimelala chini ya ule mti miaka sitini, sitaijua sauti yake? Nilijua wewe unasema sherehe, na nilijua siyo."

"Sasa kwa nini hukutoka? Tungekimbia, tungezuia, ninge…"

"Ungefanya nini, na daftari lako?" Hakusema kwa ubaya. "Nilipiga hesabu pale pale, nimesimama majini. Nikasema, Mashavu, ukitoka sasa hivi utaikuta nyumba imeshalala chini, na hapa hawatakurudisha. Utakosa huku na kule. Basi nikaogelea. Niliogelea kwa ajili ya miaka yote thelathini na minane, mwanangu. Na kila nikitoa kichwa nje ya maji naisikia mashine, nakizamisha tena."

Kipaza sauti kilitangaza ndege ya watalii. Kundi likapita na mabegi yake, likanukia mafuta ya jua. Mtoto mmoja aliashiria bango kwa kidole, na Bi Mashavu akampungia mkono.

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini maneno yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeshayatumia kwenye fomu.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema, "na unijibu kama mtu. Hilo bwawa lao umeliona?"

"Nimeliona."

"Lina upande wenye kina kirefu na upande wa watoto, kama yale mengine?"

"Ndiyo, bibi."

"Mama yangu yuko upande upi?"

Nilifumba macho. Nikaiweka ile ramani ya Meneja kichwani, nyumba hapa, mlango hapa, mti hapa. Nilihakikisha mara mbili, kwa kuwa safari hii nilitaka kusema kitu sahihi.

"Upande wa watoto, bibi. Maji yanafika magotini."

Bi Mashavu akashusha pumzi, akaegemea kiti chini ya kicheko chake.

"Afadhali," akasema. "Mama hakujua kuogelea."